Mwani wa Sentimita Thelathini na Moja

Kwetu Korea mwanamke akijifungua hulishwa supu ya mwani. Mtoto naye akitimiza mwaka hulishwa supu ya mwani, na kila mwaka baada ya hapo, mpaka siku ya kufa. Sababu yake kila mtu anaijua: siku yako ya kuzaliwa unakula kile alichokula mama yako alipokuzaa, usije ukajiona umejizaa mwenyewe. Ni desturi nzuri. Ina shimo moja tu, na mimi nilitumbukia humo mwezi wa Novemba, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu.

Mtoto wetu wa tatu alizaliwa mwanzoni mwa mwezi huo. Tulikuwa tukimwita Bami, jina lake la tumboni, kwa sababu jina la cheti lilikuwa bado linabishaniwa. Juu yake walikuwepo Narae, wa darasa la tatu, na Taeho, wa darasa la kwanza. Kazini nilipewa likizo ya siku ishirini, kwa hiyo naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba haya yote yalitokea nikiwa nyumbani, nimekaa.

Siku ya pili mama mkwe alifika kwa basi kutoka Wando, kisiwa cha wavuna mwani. Alikata tiketi mbili. Kiti kimoja alikaa yeye, cha pili kilikaa mwani. Ulikuwa mwani mkavu, mrefu kuliko Taeho, umefungwa kwa utepe mwekundu.

"Ungeukunja, Mama," nilimwambia nilipompokea.

"Mwani wa mzazi haukunjwi," alisema. "Haukatwi kwa kisu wala kwa mkasi. Na ukiununua, huombi kupunguziwa. Ukiukata umekata umri wa mtoto. Kwenu hamkufundishwa?"

Nikasema tulifundishwa. Hatukufundishwa.

Kisha akatoa kamba ya mabua ya mpunga, yenye pilipili nyekundu na vipande vya mkaa, akaitundika juu ya mlango wetu, ishara kwamba humu mna kichanga na mgeni haingii mpaka zipite siku ishirini na moja. Nikamwambia hii ni ghorofa ya kumi na nne, si kijijini.

"Kwani mikosi haipandi lifti?"

Mimi ni fundi lifti. Nimezifungua na kuzifunga kwa miaka kumi na tano. Kamba ikabaki. Mleta vifurushi akawa anaweka mizigo mbali na mlango na kuondoka mbio.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ikala supu ya mwani. Mke wangu alikula mara nne kwa siku, kwa ajili ya damu na maziwa, na sisi wengine tulikula asubuhi na jioni kwa sababu mama mkwe hakuona maana ya kuinjika masufuria mawili. Kwa kuwa mwani haukukatwa, ulikuja bakulini kama ulivyotoka baharini. Unaanza kuuvuta mdomoni na hujui utamaliza lini. Taeho alikuwa akisimama juu ya kiti ili auone mwisho wake.

"Bibi," aliuliza siku ya sita, "kwani na mimi nimezaa?"

"Kula, unasafisha damu."

"Damu yangu ni safi. Sijaitumia bado."

Mke wangu hakuwa na hata nguvu ya kucheka. Alikuwa akila nusu bakuli, analisukuma kando, mama mkwe analirudisha, nami nasimama pembeni nikisema, "Mama Narae, jitahidi kidogo." Namwita Mama Narae mara hamsini kwa siku. Kwamba jina la binti yangu lilikuwa mdomoni mwangu muda wote huo, niliona baadaye, na bado inaniuma.

Siku ya tisa Narae alimfuata bibi yake jikoni, akauliza kama wenzake wanaweza kuja nyumbani tarehe kumi na tisa.

"Mgeni haingii mpaka siku ishirini na moja," akasema mama mkwe.

"Hata ikiwa siku yangu?"

"Hata akija rais."

"Sawa," akasema Narae.

Nilikuwepo. Nilikuwa nakunja nepi. Kwa hiyo siwezi kusema hatukuambiwa. Narae si mtoto wa kulia wala kupiga miguu chini. Ukimnyima kitu anasema sawa, kisha anakutazama, anaondoka. Hakuitaja tena siku hiyo. Sasa najua alikuwa anangoja aone kama tutaitaja sisi.

Tarehe kumi na tisa ilikuwa siku ya kumi na sita tangu Bami azaliwe. Usiku wake hatukulala, kama usiku mwingine wowote. Asubuhi nikawapangia watoto wali, kimchi ya kabichi iliyochachushwa, mayai na supu. Taeho akaanza kuvuta mwani wake. Narae hakuanza. Alilitazama bakuli, akachovya kijiko, akanyanyua mwani, akauacha ushuke.

"Baba, hii ni supu ya nani?"

"Ya wote," nikasema. "Kula, utachelewa."

Akala. Alikula polepole, huku ananitazama, na alipomaliza akafuta mdomo kwa karatasi, akaikunja ile karatasi vizuri, akaondoka nayo. Nikafurahi kwamba siku hiyo hakuna aliyelalamika.

Walirudi mchana pamoja. Narae alinisalimu, akaingia chumbani kwao, akafunga mlango. Taeho alibaki mlangoni anavua viatu, na Taeho hajawahi kubaki na siri zaidi ya muda wa kuvua viatu.

"Dada ametupa taji."

"Taji gani?"

"La karatasi. Darasani kwao walimvika, wakamwimbia. Nilichungulia dirishani. Tulipofika chini kwenye lifti akalivua, akalisokomeza kwenye mfuko wa viatu. Hajalitupa hasa. Amelisokomeza."

Nikaufungua mfuko. Chini ya viatu kulikuwa na taji la manila ya njano lililokunjwa mara nne. Nikalikunjua. Lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya rangi: Narae ametimiza miaka tisa.

Nilikaa pale pale kwenye kizingiti, katikati ya viatu. Unaweza kusahau funguo, unaweza kusahau sufuria jikoni. Mimi nilikuwa nimemsahau mtu.

Nikaenda jikoni, nikamwonyesha mama mkwe taji. Alilisoma, akazima jiko, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa siku kumi na nne.

"Asubuhi alikula supu?" akauliza.

"Alikula."

"Akamaliza?"

"Akamaliza."

"Basi tumeshampa supu yake. Tatizo liko wapi?"

Nikafikiri. Ilikuwa hoja nzito. Mtu siku yake hupewa supu ya mwani, na yeye alipewa supu ya mwani. Kuna watu wazima wamefungwa na wengine wameachiwa kwa hoja nyepesi kuliko hiyo.

"Tuseme tulikuwa tunajua," akaendelea mama mkwe kwa sauti ya chini. "Tuseme tulinyamaza ili tumshtue jioni. Wewe toka ukalete keki. Na mama yake asisikie kitu. Mzazi akihuzunika maziwa yanakauka."

Tukakubaliana hivyo, watu wawili wazima wenye umri wa miaka mia moja na saba kwa pamoja.

Jioni tukaketi mezani. Mke wangu alikuwa chumbani ananyonyesha, mlango umerudishwa. Keki ilikuwa katikati, na pembeni yake mabakuli ya supu. Nikakohoa.

"Narae, mwanangu, hongera kwa siku yako. Ulidhani tumesahau, eh?"

"Ndiyo," akasema.

"Tusahau vipi? Si ulikula supu yako asubuhi?"

"Ilikuwa yangu?"

"Ya nani tena? Bibi aliipika kwa ajili yako."

"Na ya jana ilikuwa ya nani?"

Nikamtazama mama mkwe. Mama mkwe alikuwa anaichunguza kimchi kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Ya jana ilikuwa ya kawaida," nikasema.

"Na ya juzi?"

"Ya kawaida."

"Ikiwa kila supu ni siku ya mtu," akasema Taeho, "mimi nimeshazeeka. Naomba nisiende shule."

Narae aliinuka, akaleta kasha lake la kalamu, akalifungua mezani. Akatoa ile karatasi ya asubuhi, akaikunjua. Ndani yake kulikuwa na ukanda wa mwani, umeanza kukauka. Akaunyoosha mezani, akachukua rula, akaweka alama ya kidole, akaisogeza rula mbele.

"Sentimita thelathini na moja," akasema. "Nilipima shuleni pia. Ulikuwa thelathini na tatu, umesinyaa." Akamgeukia bibi yake. "Bibi, ulisema mwani wa mzazi haukatwi. Wa siku ya mtu hukatwa, mdogo mdogo, unaingia kijikoni. Mwaka jana ulikuwa mdogo mdogo. Huu haujakatwa. Hii ilikuwa supu ya Bami."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikujua kwamba inaweza kupimwa kwa rula.

Hakusema kwa hasira. Ningepata nafuu angesema kwa hasira. Alisema jinsi fundi anavyomwonyesha mwenye jengo kamba ya chuma iliyokatika nyuzi, na mwenye jengo anaiona mwenyewe.

"Nilisahau," nikasema. "Narae, nilisahau. Sina kisingizio."

"Na mimi," akasema mama mkwe. "Na mimi ndiye niliyeambiwa. Uzee huu."

"Na Mama?"

Nilitazama mlango wa chumbani uliorudishwa. Nikaelewa kwamba mimi na bibi yake tulikuwa mambo madogo. Hilo ndilo swali alilokuwa amelibeba kutwa pamoja na ule mwani.

"Sijui," nikasema. "Nikamuulize?"

"Usimuulize." Akaurudisha mwani kwenye karatasi. "Ukimuuliza atakumbuka kwa sababu umemuuliza."

"Basi unataka nini, mwanangu? Sema chochote."

"Supu yangu," akasema. "Ya kukatwa."

Mama mkwe akainuka kuelekea jikoni. Narae akasema hapana, Bibi apumzike, Baba apike. Sijui kama ilikuwa adabu au adhabu.

Tukashuka wote wawili hadi duka la chini ya jengo. Wanauza mwani uliokwisha kukatwa, umekauka, kwenye pakiti ndogo ya kutosha kiganja. Nikaona ni kidogo mno kwa siku yake. Nikachukua tatu.

Wanawake wa kwetu wote wanajua jambo ninalotaka kulisema, na wanaume hulijua siku ya kulifanya. Mwani mkavu ukiutia majini hufura. Haufuri kama maharagwe. Unafura kama habari mbaya. Mimi nilifungua pakiti tatu, nikazimwaga kwenye sufuria kubwa, nikatia maji, nikageuka kukata nyama. Narae alikuwa amekaa juu ya kigoda ananisimamia.

"Baba," akasema baada ya muda. "Unatoka."

Ulikuwa umefika ukingoni. Nikachota nusu nikautia kwenye sufuria la pili. Baada ya dakika chache yote mawili yalikuwa yamejaa. Nikaleta ndoo.

"Umesoma pakiti?" akauliza, akaiokota. "Imeandikwa moja inatosha watu ishirini na tano."

"Zilikuwa tatu," nikasema.

"Watu sabini na watano," akasema Narae, ambaye hesabu haimpi shida.

Nikaleta beseni la plastiki. Lilikuwa beseni la kumwogeshea Bami, lakini wakati huo sikuwa mtu wa kuchagua. Ndipo nikaanza kucheka, kwa sababu nilijiona nimesimama hivyo hivyo, na beseni hivyo hivyo, miaka tisa nyuma.

"Unacheka nini?"

"Ulipozaliwa nilifanya hivi hivi," nikamwambia. "Bibi yako hakuja. Wakati huo alikuwa hanisemeshi, alitaka mkwe mwalimu akapata fundi lifti. Mama yako amerudi kutoka hospitali, nyumba haina hata mtu wa kuchemsha maji. Nikaona nimpikie mwenyewe. Nikanunua pakiti nne."

"Nne?"

"Nilijaza masufuria, nikajaza ndoo, uliobaki nikautia kwenye beseni la kuogea. Mama yako akaamka kwenda kunawa, akakuta mwani bafuni. Akadhani bomba limepasuka na bahari imeingia. Alicheka mpaka akashika mshono, analia huku anacheka, ananiambia ninyamaze na mimi sisemi kitu. Wewe ukaamka, ukalia. Ndiyo siku ya kwanza tulikaa watu watatu. Tulikula mwani ule siku kumi. Majirani wawili walihama."

"Si kweli."

"Mmoja alihama."

Narae alikuwa ameshika mdomo. "Na Taeho alipozaliwa ulifanya hivyo?"

"Hapana. Nilikuwa nimekatazwa kuingia jikoni."

"Na Bami?"

"Bami kapikiwa na mtaalamu."

"Kwa hiyo ni mimi tu."

"Ni wewe tu."

Akacheka. Narae akicheka hutoa sauti nyembamba puani, kisha inamshinda. Mama mkwe aliposikia akaja, akaona mwani kwenye beseni la mjukuu wake mchanga, akasema maneno ya Wando ambayo sitayarudia. Taeho akaja, akauliza kama anaweza kuingiza mguu. Katikati ya zogo hilo mlango wa chumbani ukafunguka, mke wangu akatokea na Bami begani, nywele zimesimama, macho mekundu. Akalitazama beseni. Akanitazama mimi.

"Umerudia," akasema.

Kisha akaiona keki mezani, na pembeni yake taji la njano nililokuwa nimelinyoosha kwa kiganja, na uso wake ukabadilika. Nilimwona akihesabu tarehe. Mama mkwe akaanza kusema jambo kuhusu maziwa, nikamshika mkono.

Mke wangu akampa mama yake mtoto. Akakaa chini taratibu, kwa sababu kukaa kulikuwa bado kunamuuma, uso wake ukawa usawa mmoja na wa Narae kwenye kigoda.

"Unajua ulizaliwa saa ngapi?"

"Hapana."

"Saa kumi na dakika ishirini alfajiri. Leo saa hiyo nilikuwa macho, namnyonyesha huyu. Niliitazama saa. Inaandika kumi na ishirini, na mimi naitazama. Sikukumbuka kitu, Narae. Ningeweza kusema nilikumbuka. Sikukumbuka. Nimekukosea."

Narae alimtazama kwa muda mrefu. Nikangoja lile neno sawa, na nikawa naliogopa. Hakulisema. Alishuka kwenye kigoda, akaniambia, "Baba, pika."

Nikapika. Nilikaanga nyama kwa mafuta ya ufuta, nikatia mwani mdogo mdogo, maji, kitunguu saumu, sosi ya soya. Ilikuwa na chumvi nyingi. Mama mkwe alionja akanyamaza, na kwake huo ni msamaha. Narae akavaa taji lake, mikunjo yote minne inaonekana. Nikampakulia bakuli la kwanza, kwa kuwa ndiye mwenye siku.

Hakulila. Alilishika kwa mikono miwili, kama tunavyompa mtu mkubwa kitu, akatembea nalo polepole lisimwagike, akaliweka mbele ya mama yake.

"Kula wewe, Mama," akasema. "Hii siyo ya Bami. Hii ni ya mimi kuzaliwa."

Mke wangu alikuwa amekula mabakuli manne kwa siku kwa wiki mbili, na hakuna hata moja alilolimaliza bila kubembelezwa. Akashika kijiko. Machozi yalikuwa yanaingia kwenye supu, ambayo haikuhitaji chumvi zaidi.

"Kula, itapoa," Narae akamwambia.

Akala. Hakuna aliyemsukuma. Alikula mwani, akala nyama, akanyanyua bakuli kwa mikono miwili akanywa mchuzi mpaka chini. Akaliweka mezani, akafuta mdomo, akanigeukia.

"Imebaki?"

Nilitazama masufuria mawili, ndoo na beseni la mtoto.

"Imebaki," nikasema.